Maji ya Kufyatulia Matofali

Muhtasari wa kikao cha ukoo niliuandika mimi. Katika familia yetu kazi yoyote ya kalamu huwa yangu, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka. Ilikuwa siku ya arobaini tangu baba afariki. Hitima ilikwisha kabla ya adhuhuri, masufuria yalikuwa bado yanaoshwa uani kwetu Nkuhungu, Dodoma, na wazee waliotoka Kondoa walikaa sebuleni, wengine kwenye makochi na wengine kwenye mkeka, ili wamchague mtu wa kusimamia mirathi. Mahakama haipokei maombi bila muhtasari huo.

Walimchagua baba mdogo, ndugu pekee wa baba aliyebaki hai. Hakuna aliyepinga. Hata mama, aliyekuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni na kanga yake ya eda, eda ya kujitungia mwenyewe, alisema, "Shemeji anafaa." Niliandika mahudhurio, nikaandika agenda, nikaandika uamuzi. Ukurasa ulibaki na nafasi chini, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Nikaongeza sentensi moja: "Marehemu aliishi Mwislamu na amekufa Mwislamu, nasi ukoo wake tunaomba mirathi yake ifuate dini yake."

Nilipoisoma kwa sauti wazee waliitikia, "Naam." Karatasi ikazungushwa. Ilipomfikia mama aliniuliza jambo moja tu.

"Nisaini wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

Sentensi ile haikuwa na uongo hata kidogo. Nilidhani naandika maneno kama yale yanayosomwa makaburini, ya kumtukuza marehemu. Kumbe nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza bado, na nilimjibia mama pia.

Nieleze taratibu, kwa sababu nimegundua kwamba watu wazima wengi hawalijui jambo hili mpaka wafiwe. Sikulijua vizuri hata mimi, na nafundisha somo la Uraia. Nchi yetu ina mahakama za aina moja kwa watu wote, lakini katika mirathi mahakama hizo hubeba sheria zaidi ya moja. Iko ya Kiislamu, iko ya mila za ukoo, na iko ya jumla, iliyoandikwa bila kumwangalia mtu dini wala kabila. Mtu akifa bila wasia, hakimu huuliza: huyu aliishi vipi, na mwenyewe angetaka nini? Mtu anaweza kuzaliwa na jina la Kiislamu akaishi maisha mengine kabisa. Kwa hiyo hakimu hatazami jina. Anatazama maisha.

Baba alikuwa Mwislamu wa Kondoa. Mama ni Mgogo wa Bahi, Mkristo, mwimbaji wa kwaya tangu usichana. Mimi ni mtoto wao pekee na nilifuata dini ya baba. Sasa angalia. Kwa sheria ya Kiislamu mke asiye Mwislamu harithi. Binti pekee anapata nusu, na inayobaki inakwenda kwa mwanamume wa karibu katika ukoo, yaani baba mdogo. Kwa mila, mali inafuata upande wa kuumeni na mjane anatunzwa na wanawe. Kwa sheria ya jumla, mama angepata theluthi na mimi theluthi mbili. Mali yenyewe ilikuwa nyumba ile moja tu, yenye jina la baba kwenye hati.

Baba mdogo ndiye aliyetufumbua macho, wiki moja baada ya kikao. Alikuja asubuhi, akakaa jikoni kama alivyozoea. Tangu nikiwa mdogo yeye na mama walikuwa na utani wao. Yeye akifika mlangoni husema, "Shemeji, bado hujasilimu?" na mama hujibu, "Nasubiri wewe ubatizwe kwanza, nikushikie taulo." Siku hiyo hakutania.

"Shemeji," alisema, "nyumba ni moja na warithi ni wawili. Haigawanyiki kwa msumeno. Itabidi iuzwe, kila mtu achukue haki yake."

"Na mimi?" mama aliuliza.

"Wewe una mwanao. Utakaa kwake."

Mimi nilikuwa nimepanga vyumba viwili karibu na shule. Mama alitazama ukuta wa jikoni, ule uliokuwa mweusi kwa moshi wa miaka yote aliyopikia pale, akasema, "Haya." Wazazi wake Bahi walikwisha kufa, na shamba la mpunga lilikwenda kwa kaka zake. Hakuwa na pengine pa kuita kwake.

Nilikwenda mahakama ya mwanzo kuweka pingamizi. Karani alilivuta jalada, akafungua muhtasari wangu. Sentensi yangu ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, mbona mmeshasema wenyewe? Na sahihi ya mama hii hapa."

"Iliandikwa kwa majonzi," nilisema.

"Karatasi haionyeshi majonzi," alijibu, bila ubaya. Akanipa fomu.

Shuleni kwetu walimu wametoka kila upande wa nchi, na chumba cha walimu kina kalenda ya kanisa ukuta mmoja na ya msikiti ukuta mwingine. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa anasoma sheria chuo kikuu jioni baada ya kazi, aliniketisha.

"Dada, njia ipo. Wazazi wako walifunga ndoa wapi?"

"Bomani."

"Vizuri sana. Thibitisha kwamba mzee hakuishi Kiislamu. Ukifaulu, mahakama ya mwanzo itakuwa haina mamlaka tena, shauri litahamia mahakama ya juu, itatumika sheria ya jumla. Nyumba inabaki kwenu wawili."

"Hakuishi Kiislamu, ndiyo niseme nini?"

"Sema yaliyopo. Alioa Mkristo, tena bomani. Krismasi alikula pilau na wakwe. Kanzu aliivaa Idi. Msikitini hakuwa mtu wa safu ya mbele. Huongezi kitu, unapanga tu."

Unapanga tu. Nilirudi nyumbani nikayapanga.

Kila nilichokipanga kilikuwa kweli. Baba na mama walikwenda bomani kwa sababu kila mmoja aliona aibu kumwomba mwenzake aache dini yake. Mama alinisimulia kwamba siku ile mkuu wa wilaya aliwauliza mara mbili kama wana hakika, na baba akajibu, "Mheshimiwa, tungekuwa hatuna hakika tungekwenda kwa mtu anayejua kufungua." Krismasi baba alinunua mbuzi, akamchinja mwenyewe, kisha akaenda kumsubiri mama nje ya kanisa, amevaa shati jeupe, akisalimiana na wazee wa kanisa kama mwenyeji.

Lakini nilijua na mengine ambayo sikuyapanga. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Kizota. Nilipokuwa shule ya msingi nilimpelekea chakula cha mchana karakanani. Mara nyingi nilimkuta nyuma ya mashine ya kukamulia alizeti aliyokuwa anaitengeneza, amesimama juu ya boksi lililofunuliwa, anasali. Mikono ilikuwa imetakata mpaka kwenye viwiko, na juu ya viwiko weusi wa grisi. Nilikaa na bakuli mapajani mpaka amalize. Boksi lile alilikunja na kulitunza juu ya kabati la spana. Hakuna mtu wa safu ya mbele aliyeliona, ila mimi nililiona.

Siku ya shauri tulifika saa mbili. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na juu ya meza ya karani vilikuwapo vitabu viwili, Biblia na Msahafu, kimoja juu ya kingine kutegemea nani ameapa mwisho. Hakimu alikuwa mwanamke kijana kuliko mimi. Aliandika kila neno kwa mkono, hivyo shahidi husema sentensi, husubiri kalamu, kisha huendelea. Ukisema kitu, unakitazama kikiandikwa.

Baba mdogo aliapa kwa Msahafu. Alieleza kwamba kaka yake alizaliwa, alitahiriwa na kuzikwa kwa taratibu za dini, na kwamba familia yenyewe iliandika hivyo. Kisha nikaitwa mimi. Nikaapa kwa kitabu kile kile.

"Marehemu aliishi vipi?" hakimu aliuliza.

Nilisema ndoa ilifungwa bomani. Kalamu ikaandika. Nilisema Krismasi tulisherehekea nyumbani. Ikaandika. Nilisema mtaani alijulikana kama fundi, si kama shehe. Baba mdogo aliinamisha kichwa.

"Je, alikuwa anasali?"

Niliona boksi. Nikafumba macho kidogo, nikasema, "Mheshimiwa, baba yangu hakuwa mtu wa…"

"Mwanangu, nyamaza."

Mama alikuwa amesimama kwenye benchi la nyuma. Mlinzi alimwambia aketi, hakuketi. Hakimu alimwambia asubiri zamu yake. Mama akasema, "Nitasubiri nikiwa nimesimama, mheshimiwa," na kweli alisimama. Hakimu akanitazama. Akaniambia nishuke.

Mama aliapa kwa Biblia. Alikuwa mfupi, kizimba kilimfika kifuani.

"Mume wangu alikuwa Mwislamu," alisema, akasubiri kalamu. "Najua kwa sababu alikuwa na usingizi mzito. Adhana haikumwamsha. Nilimwamsha mimi, alfajiri, miaka yote. Na daku la Ramadhani nilipika mimi. Kama hakuwa Mwislamu, mimi nilikuwa nafanya nini jikoni saa kumi ya alfajiri?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Hakimu aliuma mdomo, akaandika.

"Mama, unaelewa kwamba maneno haya yanakuondolea urithi?"

"Naelewa. Mwanangu alinieleza vizuri, ni mwalimu." Hakunitazama. "Lakini siitaki nyumba kwa kumvua mume wangu dini yake akiwa kaburini. Hawezi kujifunika."

Kalamu ilichukua muda kuandika hilo.

"Una jingine?"

"Moja. Nyumba ile nimeijenga pia. Matofali yake, maji yote nilibeba mimi. Shemeji alikuwapo."

Akashuka. Hakimu akamgeukia baba mdogo, akamuuliza kama analifahamu hilo. Baba mdogo alisimama, akashika kofia yake.

"Naomba muda, mheshimiwa."

Shauri likaahirishwa wiki mbili.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, nilikwenda kumwamkia kwa sababu sikujua la kufanya na miguu yangu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Alikuwa anafuta vumbi kwenye viatu ambavyo havikuwa na vumbi. "Mwalimu, ile sentensi yako ilikuwa inakwenda wapi? Kaka yangu hakuwa mtu wa nini?"

Alisubiri kwa muda ambao mtu angeweza kuandika ukurasa mzima, kisha akaenda zake stendi.

Mama nami tulirudi Nkuhungu. Alipika ugali wa uwele na mlenda, akanipakulia nyingi kama mgonjwa. Nilipojaribu kuomba radhi alisema, "Kula kwanza." Nilikula. Baadaye sikupata tena pa kuanzia.

Katika wiki zile mbili nilimwomba anieleze habari za matofali, kwa kuwa yote yalitokea kabla sijazaliwa. Dodoma, wanaoijua wanajua, udongo si tatizo. Tatizo ni maji. Kiwanja walikipata wakati mtaa ule ulikuwa vichaka, na bomba la karibu lilikuwa mbali kiasi kwamba ukifika na ndoo umeshasahau ulichokuwa unakifikiri ulipoondoka. Baba alikuwa Kizota kutwa. Baba mdogo, kijana wakati huo, alikuja baada ya mavuno ya mtama ili amsaidie kaka yake. Yeye alikanyaga udongo kwa miguu na kuufyatua kwenye fomu ya mbao. Mama alileta maji. Kiangazi kizima.

"Nilikuwa na mimba yako," alisema. "Shemeji alikuwa ananiimbia ili nisikae chini. Nikikaa udongo unakauka."

Siku ya pili ya shauri baba mdogo alifika na basi la kwanza kutoka Kondoa. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Hatukutegemea aseme alichosema, na nadhani hata yeye alikuwa hajakipenda bado.

"Mheshimiwa," alianza, akasubiri kalamu, "mimi ni mkulima, lakini jioni nafundisha watoto madrasa. Somo la mirathi nalifundisha kila mwaka. Kabla ya mafungu, kabla ya nusu na robo na thumni, mtoto lazima ajue kitu kimoja: kwanza ondoa kisicho cha marehemu. Mirathi ni ya mali ya aliyekufa. Ya aliye hai haimo. Mtoto akiruka hapo namrudisha mwanzo." Akasubiri kalamu tena. "Hapa mimi niliruka."

"Kwa nini uliruka?"

"Hati ina jina la kaka yangu. Nilisoma karatasi, nikasahau miguu yangu."

"Fafanua."

"Matofali yale nilikanyaga mimi. Maji alileta huyu shemeji yangu, na mimba ya huyu mwalimu tumboni. Hakuna tofali lililofyatuliwa bila maji yake. Nimeshika Msahafu. Siwezi kusema nyumba yote ni ya kaka."

"Yake ni kiasi gani?"

Alifikiri. "Nusu. Labda zaidi, lakini mimi siwezi kupima maji yaliyokwisha kukauka. Andika nusu."

"Na nusu iliyobaki?"

"Iliyobaki ni ya kaka yangu, na alikuwa Mwislamu, mkewe amesema. Hiyo inakwenda kama dini inavyosema. Haki yangu siiachi, mheshimiwa. Nina watoto wanaosoma."

Wasomaji wengine watapenda niseme kwamba aliacha fungu lake pale pale na tukakumbatiana. Hakuacha, na sasa sioni kwa nini tungemtaka aache. Alikuwa mtu anayetaka haki yote, ikiwamo ile iliyomkata yeye mwenyewe.

Hakimu aliamua hivyo. Nusu ya nyumba ni ya mama kwa jasho lake, na haikuwahi kuwa mirathi. Nusu ya baba ikagawanywa kati yangu na baba mdogo, robo kwa robo. Nyumba haikuuzwa. Baba mdogo alichukua vyumba viwili vya uani vinavyotazama barabara ya nyuma, akafungua mlango wake upande ule, na sasa wanakaa humo mabinti zake wawili wanaosoma chuo. Mara ya kwanza walipoacha bomba wazi mama aliwafokea mpaka majirani wakatoka nje. Ramadhani ilipofika niliambiwa kwamba aliwagongea mlango saa kumi, na uji ulikuwa tayari.

Mwenzangu wa chumba cha walimu hakuridhika. "Dada, mngepata nyumba nzima," aliniambia, na kwa hesabu ya sheria huenda alikuwa sahihi. Nilimjibu kwamba ndiyo, tungepata. Sikuweza kumweleza habari ya boksi.

Wanafunzi wangu huniuliza, tukifika mada ya sheria na dini, ipi kati ya sheria zile ni bora. Nawaambia waulize polepole. Nawaambia kwamba katika nyumba yetu sheria ya dini ilimnyima mama urithi, na mwalimu wa dini hiyo hiyo ndiye aliyeirudisha nusu ya nyumba mikononi mwake, mbele ya hakimu wa serikali, kwa sababu ya ushahidi ulioapiwa kwenye Biblia. Nawaambia pia wasiweke sahihi ya mzazi wao mahali ambapo hawajamweleza maana yake. Hapo huwa naelekea ubaoni na kufuta kitu, hata kama ubao ni safi.

Nilichukua nakala ya mwenendo wa shauri. Mama aliniomba nimsomee, kwa kuwa macho yake hayapendi maandishi ya mkono. Tulikaa jikoni, karibu na ukuta ule mweusi. Nilisoma ushahidi wa baba mdogo, kisha nikafika kwenye wangu. Hakimu aliandika kwa uaminifu. Bomani ipo. Krismasi ipo. Chini yake ipo sentensi ambayo haina mwisho: "Baba yangu hakuwa mtu wa", kisha nafasi, kisha, "Mama wa shahidi amesimama."

Niliisoma kama ilivyo. Kidole changu kilibaki kwenye ile nafasi.

Mama alikuwa anachambua mchele wa Bahi kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Nimeshaisikia hiyo," alisema. "Fungua ukurasa unaofuata, mwanangu. Nisomee pale nilipomtetea baba yako."